Meli Zilikuja

Nimezaliwa na tabia moja mbaya: napenda kuwa sahihi. Marehemu baba alikuwa akisema nilitoka tumboni nikimkosoa mkunga. Wapo watu wanaopenda sukari, wapo wanaopenda mavazi. Mimi hupenda jambo litokee vile nilivyosema litatokea, kisha mtu akumbuke kwamba aliyesema ni mimi. Naianza habari hii kwa kujianika hivyo kwa sababu bila tabia hiyo fundi wetu angekuwa na shamba lake la chai mpaka leo, na mke wake angenisalimia kwa moyo mweupe.

Duka letu liko Keroka, kando ya barabara ya kwenda Kericho. Babu aliyelifungua alitoka pwani, bibi alikuwa wa huku huku, na sisi wajukuu tukabaki katikati. Tunaswali msikiti wa mji, tunapika ndizi kama majirani, na Ekegusii, lugha ya Wakisii, nimekizungumza tangu utotoni, ingawa mtu akiuona mtandio wangu hunijibu kwa Kiswahili hata nimsalimu vipi. Nimezoea. Duka lilikuwa la vitambaa, baadaye baba akaongeza mawe.

Nasema mawe, nina maana yale laini yanayochimbwa kusini mwa Kisii, ambayo wageni huyaita mawe ya sabuni kwa jinsi yanavyoteleza mkononi yakiloa. Baba alianza kuyauza kwa ajili ya dada yake mdogo, yaani shangazi yangu, aliyeolewa mbali, kisiwani. Kisiwa chenyewe sitakitaja. Nimesikia vingine vya bahari ile vina shida hiyo hiyo. Mume wa shangazi alimwachia duka dogo kwenye njia itokayo bandarini, na meli za watalii zilipoanza kutia nanga pale, shangazi akaona kuwa wageni wanapenda kitu cha kupakata warudi nacho kwao. Akatuagizia sahani, vikasha, tembo. Halafu akaagiza kasa, wale wa baharini.

Aliyetuchongea ni mzee mmoja wa milima ya Nyamache. Kazi aliipata kwa wajomba zake kule kwenye machimbo, akaoa, akarudi kwao nayo, akawa anapelekewa mawe kwa pikapu mpaka mlangoni. Hajawahi kuiona bahari. Kasa wake wa kwanza walikuwa na miguu minne mizuri yenye kucha, kama kobe wa porini, na shangazi aliwarudisha wote na ujumbe kwamba mnyama huyu anaogelea, hapandi mlima. Fundi alicheka mpaka akakohoa. Nilimpelekea picha kwenye simu, akaiangalia muda mrefu, akauliza kama hayo mapezi ni mikono au ni miguu, na baada ya hapo hakukosea tena. Kasa wake walikuwa wanainamisha shingo kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza. Sijawahi kuona wengine wa namna hiyo.

Mke wake ndiye aliyewasugua. Alikaa na beseni la maji, akawasugua kwa msasa, kwanza ule wa kukwaruza na mwisho ule laini, akawaanika, akawapaka nta. Lakini hiyo kwake ilikuwa kazi ya mkono wa kushoto. Kazi yake hasa ilikuwa chai. Shamba lao ni dogo, kipande kilichoteremka kutoka nyumbani mpaka kwenye kijito, na chini yote ilikuwa michai aliyoipanda mwenyewe mwaka aliopata mtoto wa kwanza, mtoto akiwa mgongoni. Alfajiri alichuma, saa nne alikuwa kwenye kituo cha majani akipimiwa, mchana ndipo alipoketi kwenye beseni. Fundi alikuwa akisema kwamba yeye ana mke nusu siku.

Baba alipofariki biashara ikaja mikononi mwangu, na pamoja nayo zile akili zake. Baba alitufundisha kusoma barabara. Tulipokuwa wadogo alituketisha barazani mwa duka akatuambia tusihesabu magari yanayopita, tuhesabu yanayosimama. Gari linalopita ni vumbi tu. Gari likisimama, watu watashuka. Wakishuka, wana njaa, wana kiu, miguu imekufa ganzi, na mtu wa namna hiyo atanunua kitu. Keroka nzima inaishi kwa sheria hiyo. Wanaouza mahindi ya kuchoma wanaijua, wenye ndizi mbivu wanaijua, na sisi wa vitambaa tulikuwa tunaijua kwa sababu mama aliyeshuka kujinyoosha huona kanga akaikumbuka harusi anayokwenda.

Kwa hiyo nilipogundua kwamba orodha ya meli za msimu hutolewa mapema na mtu yeyote anaweza kuisoma kwenye simu, nilijiona nimefunguliwa dunia. Jina la meli, siku ya kufika, saa ya kufika, saa ya kuondoka. Mtoto wa shangazi ndiye aliyenitumia mara ya kwanza. Nikatafuta za miaka ya nyuma, nikaziweka pamoja, na hata mtu asiyejua hesabu angeona: meli zilikuwa zinaongezeka kila msimu, na si hapo tu. Visiwa vya jirani vilikuwa vinapanua bandari. Hizi si meli za kupita, nilijiambia. Hizi zinasimama.

Nikaenda Nyamache kumsomea fundi. Nakumbuka nilivyoketi kwenye kibanda chake, nikajikohoza kama imamu anayeanza hotuba. Alisimamisha patasi, akanisikiliza meli moja baada ya nyingine mpaka mwisho, akataka kujua kila moja ina watu wangapi. Nikamwambia. Akaniomba nirudie. Halafu akaniuliza ninavyoona mimi, maana mimi ndiye niliyesoma, na hapo ndipo ulimi wangu ulipopata nafasi. Nilimwambia ninavyoona mimi, msimu mmoja au miwili ijayo kasa aliokuwa anachonga hawatatosha hata kwa meli za wiki moja. Nikamwambia ajipange. Nikampa na mfano wa magari ya Keroka, akauitikia kwa kichwa, kwa sababu ni mtu wa huku na mfano huo hauhitaji maelezo.

Sikumwambia ang'oe chai. Nimejitetea kwa sentensi hiyo mara nyingi nikiwa peke yangu, na ni kweli, sikumwambia. Nilimwambia tu atahitaji nafasi.

Aling'oa. Kibanda kilikuwa kidogo, mawe yalikuwa yanarundikana njiani, na ardhi huku imegawanywa ikagawanywa mpaka ukitaka kuongeza kitu lazima upunguze kingine. Alianza na mistari ya juu iliyokaribia nyumba, halafu akaona akae palipo tambarare, akashuka. Mke wake alikataa. Alikataa kwa maneno, akakataa kwa kununa, akaenda kwao siku kadhaa, akarudi akakuta zaidi ya nusu imeshalala na mizizi juu. Mchai si mboga. Ukiupanda leo utaungoja miaka mpaka uanze kukulipa, na ule uliokomaa unaweza kukuzika. Fundi alijenga kibanda cha mabati, kipana, akakitandika changarawe, akaajiri vijana wawili wa kukata mawe. Aliponipigia simu kunieleza, nilimpongeza.

Msimu wa kwanza mzigo wetu ulikwenda wote, ingawa shangazi alisema unatoka polepole. Msimu wa pili shangazi alishikwa na magoti, akaomba mtu wa kumsaidia dukani kwa wiki mbili, na mimi nikajitolea upesi kuliko mtu mwenye huruma anavyopaswa kujitolea. Ukweli ni kwamba sikwenda kwa ajili ya magoti. Nilikwenda kuziona meli zangu.

Ya kwanza niliiona asubuhi nikiwa naanika nguo juu ya paa. Niliogopa, nasema wazi. Nilikuwa nimeisoma, jina lake na saa yake nilikuwa nazo kichwani, lakini orodha haisemi kwamba kitu kile kina ghorofa nyingi kuliko jengo lolote nililopata kuliona Kisii, na kwamba kikikaribia nyumba za bandarini hubaki vibanda. Siku ile zilifika mbili, moja baada ya nyingine, kama ilivyoandikwa, wala hazikuchelewa hata robo saa. Nilishuka ngazi mbiombio. Nilipanga kasa mlangoni, wakubwa nyuma na wadogo mbele, nikawapangusa vumbi, nikasimama kando yao. Mgeni njoo mwenyeji apone, nilisema moyoni, na shangazi aliyekuwa ameketi na miguu juu ya kigoda aliniangalia.

Walishuka kweli. Walishuka wengi kuliko watu wa siku ya soko, kila mmoja na kibandiko chenye namba kifuani na chupa ya maji mkononi. Mabasi yalikuwa yamepangwa, injini zikiunguruma, na wengi walipanda moja kwa moja kutoka ngazi ya meli. Waliobaki walitembea kwa vikundi nyuma ya mtu aliyeshika bendera ndogo. Wachache waliingia kwetu. Wengine walitafuta kivuli. Mama mmoja aliulizia choo, akaonyeshwa, akashukuru vizuri sana, akaondoka. Bwana mmoja alimchukua kasa wa ukubwa wa sahani, akampima uzito kwa mkono, akamwambia mkewe jambo lililowachekesha wote wawili, akampiga picha, akamrudisha alipokuwa. Alimrudisha akiwa amegeukia ukutani. Nikamgeuza.

Saa nane walikuwa wanarudi. Walirudi na zile chupa za maji. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na njaa, na hilo ndilo nililoliona kwanza, kabla sijaelewa maana yake. Nimekulia kando ya barabara, naijua sura ya mtu mwenye njaa ya safari, na hawa walikuwa wameshiba. Saa kumi na moja meli zote mbili zilikuwa zimeondoka. Siku nzima tuliuza kisahani kimoja cha kuwekea sabuni.

Jioni hiyo shangazi alinieleza huku nikimchua magoti. Alisema zamani meli zilikuwa chache na ndogo, wageni wanalala mjini usiku mmoja au miwili, jioni wanatembea bila mtu wa bendera, na mtu anaweza kurudi mara tatu kukiangalia kitu kabla ya kukinunua. Siku hizi meli ni kubwa na ni nyingi, na redio kila mwaka inasema wageni wameongezeka, na ni kweli wameongezeka. Lakini chakula wamekwisha kukilipia kule kwao, na maduka yamo humo humo ndani, na anayeshuka ameshapangiwa wapi basi litamshusha. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akasema aliniambia, kila nilipompigia alisema mzigo unatoka polepole, na mimi kila mara nilimsomea orodha.

"Hawa hawaji, mwanangu," akasema. "Hawa wanapitishwa."

Sikulala vizuri, na si kwa huruma. Nilikuwa na hasira. Nilizikasirikia hesabu zangu, ambazo hazikuwa na kosa hata moja. Kila meli niliyosema itakuja ilikuja. Kosa letu lilikuwa jingine, na nadhani ni sisi wa kando ya barabara tu tungeweza kulifanya: tuliichukua meli tukaifanya basi. Basi likisimama hutapika watu wenye kiu. Meli husimama na kila kitu chake ndani, na watu wake hushuka kutazama tu.

Nilirudi Keroka nimeamua kumwambia fundi. Nilipanda kwenda Nyamache juma lile lile. Alinipokea na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na kabla sijaketi aliniuliza swali lake.

"Meli ilikuja?"

Nikasema zilikuja.

"Mingi?"

Nikasema nyingi, siku nyingine mbili kwa mpigo. Alipiga kofi moja kwenye goti. Na maneno mengine niliyokuwa nimeyabeba tangu kisiwani yakanikwama, kwa sababu yale niliyoulizwa nilikuwa nimeyajibu kwa kweli tupu, na ulikuwa ushindi, na mimi ushindi huniziba masikio. Nilimwambia tu kwamba shangazi bado ana mzigo wa zamani, asubiri kidogo kabla ya kuleta mwingine. Baadaye shangazi alileta ujumbe wazi kwamba nisimtumie mawe tena. Huo nao nilimpelekea fundi kwa jina la kusubiri. Subira huvuta heri, nilimwambia kwenye simu. Sijui hata ulimi haukunikauka vipi.

Alisubiri kwa kuchonga. Vijana wake waliondoka wote wawili, mmoja akaenda kuendesha pikipiki, mwingine sijui wapi, yeye akaendelea. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua kwa lile vumbi. Kule kijijini walianza kumcheka. Wakamwita Meli. Watoto wakimwona njiani waliuliza kama imefika, na wakubwa waliuliza kwa adabu zaidi lakini swali ni lile lile. Haya nilikuja kuyajua kwa mke wake.

Alikuja dukani siku ya soko, mvua za masika zikiwa zimekaribia. Nilimkaribisha kiti, akakikataa, akasimama mbele ya meza kama mteja. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai na nilifurahi kwa sekunde moja, nikidhani wamepata pa kuchuma, mpaka akanieleza kwamba anachuma kwa kibarua kwenye shamba la jirani. Ua peke yake ndio unaotenganisha shamba hilo na kibanda cha mawe. Alisema amepata miche. Amewekwa zamu kwenye kitalu cha kikundi cha kina mama na sasa miche imekabidhiwa, iko chini ya migomba, kwenye vikaratasi vyake vya nailoni, na lazima iingie ardhini na mvua hizi kwa sababu haitangoja nyingine. Ardhi ipo. Imekaliwa na kibanda na kasa. Mumewe hataki kuwaondoa, anasema msimu unakuja.

"Wewe ndiye uliweka hiyo maneno kwa kichwa yake," aliniambia. "Kuja uitoe."

Nilimweleza niliyoyaona kisiwani, kisha nikamuuliza anataka nimwambie fundi nini. Alikuwa amelifikiria hilo kabla ya kupanda gari. Nimwambie meli haziji tena, zimebadilisha njia. Nisianze habari za walioshiba na wasioshiba, kwa sababu yeye amejaribu kumwambia kwamba wazungu hawanunui na jibu lake ni kwamba mtu asiyenunua leo atanunua kesho, bora amesimama. Nikimwambia haziji, ataacha. Mimi ndiye anayeniamini. Aliongeza, bila kunilaumu kwa sauti, kwamba yeye mwenyewe angeniambia uongo kama huo kwa ajili ya watoto wangu, kama ningekuwa nao.

Nikakubali. Nilimpa mkono na ahadi.

Siku mbili baadaye nilikwenda. Mvua ilikuwa imeshanyesha kidogo, udongo umelainika, hali ya hewa ile ambayo mkulima yeyote hawezi kuketi ndani. Miche niliiona nikiingia: mingi, mifupi, majani matatu matatu, imepangwa kwa safu kwenye kivuli. Kando yake jembe jipya lenye mpini mweupe. Chini kidogo kibanda, na nje ya kibanda kasa, mamia yao, wengine wamefungwa kwa maganda makavu ya mgomba tayari kwa safari, wengine wazi, waliokaa nje muda mrefu wameota ukungu wa kijani mgongoni. Wote shingo upande.

Fundi aliniletea kiti. Alikuwa amekonda. Mke wake alisimama mlangoni mwa jiko, akipepeta maharagwe ambayo nadhani yalikuwa yameshapepetwa. Tuliulizana hali, nikasema mbuya mono kama inavyotakiwa, nzuri sana, ingawa hakuna aliyekuwa katika hali nzuri. Halafu nikasema nilichotumwa.

"Tata, meli hazitakuja tena. Zimebadilisha njia."

Tata ni baba kwa lugha yao, ndivyo wanavyomwita mwanamume wanayemheshimu, na mimi humwita fundi hivyo tangu baba yangu alipokufa. Alichukua kasa aliyekuwa miguuni pake akamfuta kwa kidole gumba. Nilimwona akipungua mabegani, kweli kabisa, na nikaona mke wake ameacha kupepeta. Nikajua imekwisha. Ningenyamaza hapo. Ningeaga, nikapanda pikipiki, na kesho yake angeshika jembe lile kwa aibu na kwa uchungu, lakini angelishika.

Aliuliza taratibu, bila hasira:

"Kwa hivyo ile orodha ulikuwa unanisomea, ilikuwa ya uongo? Watu wa hapa walisema huyo msichana wa Keroka hajui kusoma, anasoma kitu iko kwa roho yake. Mimi nilikataa. Niligombana na watu. Nilisema huyu anajua."

Alikuwa ananiangalia. Alitaka nimwambie tu alikuwa ametetea mtu wa namna gani. Najua sasa kwamba jibu sahihi lilikuwa moja, na lilikuwa jepesi: nilikosea, tata, nisamehe. Maneno matatu manne. Watu huyasema kila siku, sokoni, mlangoni kwa majirani, wala hawafi.

"Sikukosea," nilisema. "Orodha ilikuwa ya kweli. Zilikuja zote. Nilikwenda nikaziona kwa macho yangu. Na mwaka huu zimezidi."

Nilisikia ungo ukiwekwa chini.

Fundi alisimama. Uso wake wote ulifunguka, na katika maisha yangu sijapata kumfurahisha mtu kiasi kile. Alikwenda mpaka kwenye ua akamwita jirani kwa Ekegusii, akamwambia kwamba msichana amekuja mwenyewe kutoka Keroka, aje amsikie, meli zilikuja na zinazidi. Jirani alisema kitu kutoka upande wa pili, fundi akacheka kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi. Nilimfuata. Nilimshika mkono, nikamwambia yaliyobaki, yote, kwa haraka na kwa kukanyagana: kwamba wanashuka lakini hawanunui, kwamba wana chakula chao, kwamba shangazi hataki mzigo tena, kwamba ang'oe kibanda apande chai. Alinisikiliza kwa upole kama mtu mzima anavyomsikiliza mtoto aliyechoka na safari.

"Si wewe ulinifundisha?" alisema. "Gari ikisimama, mtu atashuka na njaa. Kama si leo, kesho. Wacha tu zisimame."

Akarudi kibandani. Nilimsikia akivuta jiwe kubwa kutoka nyuma, kisha panga likaanza kulipunguza kingo, pu, pu, pu, ule mdundo ninaoujua tangu nikiwa mdogo.

Nilibaki uani na mke wake. Nilianza kusema sijui nini, kwamba nilitaka kusema vile tulivyokubaliana na nilisema, alisikia mwenyewe kwamba nilisema, ni lile swali la mwisho tu. Alinyanyua mkono kidogo, si kwa ukali, kunizuia nisijisumbue. Alikwenda kwenye migomba. Alipita katikati ya miche akiinua miguu juu asiikanyage, akauangusha mkungu mmoja wa ndizi, akaupunguza kwa kisu vichana vizuri vizuri akaviweka kando. Nikamwambia hapana, mama, leo hapana, usinipe kitu. Alisema mgeni haondoki kwake mikono mitupu.

Alizifunika ndizi kwa jani, akazifunga nyuma ya pikipiki mwenyewe, maana dereva alitaka kuzifunga kwa kamba moja na yeye aliona hazitafika. Alizifunga kwa kamba mbili. Akazitikisa kuona kama zimeshika, akalegeza fundo moja, akalifunga upya.